Mlimwombea Mugisho

11 Machi 2024

Kwako binti yangu Armelle,

Pokea salamu nyingi. Huku sisi ni wazima, ila tunalalamika tu. Baridi ya hapo London, huko Lewisham, imepungua? Juzi nilimsalimu mjukuu wangu kwa simu, akanijibu Kiingereza kama mtangazaji wa redio. Nimecheka, lakini mfundishe lugha yetu.

Sasa nisikilize. Mdogo wako Mugisho ameshuka kutoka msituni. Risasi imempata pajani na kidonda kinanuka. Wenzake wamemleta kwa shangazi yako Nabintu, nyuma ya kinu cha mihogo. Jeshi linapita kila siku likiwatafuta vijana wa msituni wanaopigana nalo, na wakimpata watamuua. Wewe ni nesi, niambie tumpe dawa gani. Na usimwambie mtu yeyote, hata mumeo.

Mama yako


13 Machi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na Shangazi pia. Mtoto amesema atajitahidi, kasema kwa Kiingereza!

Shangazi achemshe maji, atie chumvi, aoshe kidonda asubuhi na jioni. Tafuteni vidonge vya antibiotiki, na homa ikipanda niandikie hapo hapo kwa simu.

Sijamwambia mtu, Mama. Ila leo kanisani, kwenye maombi ya Jumatano, nimemtaja Mugisho kwa Mungu. Unajua kwetu, ombi lisilo na jina wala mahali halina pa kushukia. Nikasema yote, paja, Shangazi, kinu. Watu walilia! Shemasi Faustin, yule mwenzetu wa huko nyumbani aliyenipokea nilipofika Uingereza na kunisindikiza ofisi ya uhamiaji ya Croydon siku ya makaratasi ya ukimbizi, ameahidi kufunga kwa ajili yake. Hawa ni ndugu. Usiogope.

Binti yako, Armelle


29 Machi

Armelle,

Sikuulizi habari, na wewe usiniulize. Wamemchukua.

Walikuja na malori mawili. Hawakuuliza njia, hawakugonga kwa jirani, walikwenda moja kwa moja nyuma ya kinu. Mimi nilikuwa palepale na bakuli la uji mkononi. Kapteni wao akacheka, akamwambia Mugisho, "Paja linaendeleaje? Huko London wanakuombea."

London, Armelle! Ulikuwa unamwambia Mungu mbele ya nani?

Mama yako


2 Aprili

Mama,

Pole, na neno pole halitoshi.

Nimekwenda kwa Faustin. Hakukana. Huyo kapteni ni mdogo wake, wa tumbo moja. Akaniambia, "Dada Armelle, msituni angeoza yule. Nimeomba wamchukue hai, wamtibu. Mimi nimejibu ombi lako." Aliyasema hayo huku ananimiminia chai! Nikamuuliza, na machozi yako ya Jumatano je? Akasema yalikuwa ya kweli. Mama, hapo ndipo aliponimaliza. Nikammwagia ile chai kwenye shati lake la kanisani.

Mchungaji anataka nisamehe. Nisamehe vipi, na sijui mdogo wangu yuko wapi? Wewe ndiwe unisamehe. Niambie kama Mugisho yu hai.

Binti yako, Armelle


6 Juni

Armelle,

Umeandika sana, sikujibu.

Yu hai. Faustin wako hakusema uongo. Wamemtibu, wamemvisha sare, na sasa anatangulia mbele ya askari akiwaonyesha nyumba zilizowalisha wenzake. Ananyoosha kidole, nyumba inachomwa. Alianza na ya Nabintu. Nabintu, aliyemkamua usaha kwa mikono yake! Amevuka mpaka na watoto, hana hata sufuria.

Usiniambie wamemlazimisha. Najua. Nilimzaa mimi, nimeyaona macho yake. Lakini Nabintu nimwambie nini?

Jumapili amefika kwangu, askari nyuma yake. Akasema, "Mama, ni mimi." Kapteni akaniuliza, "Huyu ni mwanao?" Majirani wote walikuwa nje wanatazama. Nikajibu kwamba mwanangu alikufa kwa kidonda, nyumbani kwa shangazi yake. Mugisho akainamisha kichwa. Hakuninyooshea kidole. Akapita, anachechemea, na mimi nikaingia ndani nikalia hadi sauti ikakauka.

Basi fanyeni matanga huko Lewisham, kama desturi yetu ilivyo. Wekeni picha yake mezani, imbeni, pikeni, na watu wakikupa mkono wa pole upokee. Habari itafika huku upesi, si wanajua kupeleka habari? Majirani wakisikia kwamba hata London ameliliwa, labda watanisalimu tena kisimani.

Viti vya kanisa anavyo Faustin. Mwambie avilete.

Mama yako