Mgeni Hapewi Ukoko

Mtaa wa Sofia,
Voi.
11 Juni 2025

Mpendwa kaka Patrobas,

Pokea salamu kutoka kwetu huku kwenye jua na vumbi. U mzima? Ule mgongo umetulia, au bado unalala sakafuni? Wifi na watoto wanaendeleaje? Sisi hatujambo, ila kitinda mimba wangu ana kikohozi kisichoisha na amejifunza kukitumia ili asiende shule.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu ningekupigia kelele nawe ungekata. Matheka, yule mwenzako wa kazini, anarudi Doha Jumamosi na amekubali kukuletea bahasha mkononi. Isome yote. Usiruke kama unavyoruka meseji zangu.

Mwisho wa wiki iliyopita nilikuwa Nairobi, nyumbani Shauri Moyo. Hakukuwa na msiba wala harusi. Nilikwenda kula. Cheka tu, unaujua mdomo wangu. Idd ya kuchinja iliangukia siku hizo hizo, nikajipangia: Ijumaa mboga za Mama, Jumamosi nyama choma ya soko la Burma, Jumapili kwa Mama Hirad mlango wa pili, kisha gari la kurudi.

Mama hajambo. Magoti yanamlalamikia lakini mkono wake wa kupika haujabadilika. Alinipikia mrenda na kunde, na omena waliokaangwa wakakauka vizuri, nikala hadi nikalegeza sketi. Jambo moja tu lilinishangaza. Sahani zetu mbili zilikuwa pale juu ya kabati, zimerudi kutoka kwa Mama Hirad zikiwa tupu. Kaka, tangu tupate akili, lini sahani ilivuka kati ya milango ile miwili bila kitu ndani? Hata mwaka ule wa njaa zilirudi na tende tatu tatu. Nilipomuuliza Mama, alisema maji ya mfereji yamekatika tena, akaenda kuanua nguo.

Jumamosi Kweyu alinipeleka Burma. Mbavu za mbuzi, Patrobas! Mafuta yananitiririka hadi kwenye kiwiko, kachumbari ina pilipili ya kumtoa mtu machozi, ugali bado unatoa moshi. Kweyu hakukubali nitoe hata shilingi, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka, maana ndugu yetu yule hajawahi kumnunulia mtu chai. Alikuwa akijisifu kwamba siku hizi yumo kwenye kamati ya wakazi, ile inayoandika orodha ya wapangaji wa zamani watakaopewa nyumba kwenye magorofa mapya nyumba zetu zikibomolewa. Nilikuwa nikiitikia tu, eeh, eeh, huku nafyonza mfupa.

Jumapili nikavaa dera langu jipya nikabisha mlango wa pili. Wewe hukuhitaji kubisha pale, na mimi pia sikuhitaji, lakini nilikuta umefungwa. Mama Hirad alinifungulia mwenyewe. Amezeeka, kaka, hina imebaki kwenye ncha za vidole tu. Nikaanza kwenda jikoni kama siku zote, kwenye kigoda changu kando ya jiko. Akanishika mkono, taratibu, akanikalisha kwenye kochi la sebuleni.

Akaniletea chakula kwenye stuli yenye kitambaa. Wali wenye zabibu na ndizi mbivu pembeni, nyama ya nyirinyiri iliyokatwa ndogo ndogo na kukaangwa kwenye samli, kijiko, karatasi za kufutia mkono. Chakula kitamu hata sijui nikuambie nini. Lakini unajua mimi nafuata nini pale. Nikamwambia, Mama Hirad, na ukoko wangu? Tangu utotoni ukoko wa sufuria ile ulikuwa wangu, bintiye Deeqa alikuwa akilia na bado napewa mimi.

Akasema, "Mgeni hapewi ukoko."

Nikacheka. Nikamuuliza mgeni ni nani. Akaketi, akakunja ushungi wake mapajani, akasema, "Kweyu ameandika kwamba sisi ni wageni hapa. Jina langu limekatwa kwenye orodha. Basi kama mimi ni mgeni, na wewe kwangu ni mgeni. Kula, mwanangu, kisipoe."

Na nilikula. Sitakuficha. Niliinama nikala nikaimaliza sahani, na aibu hiyo bado iko tumboni mwangu.

Nilirudi kwa Mama nikamweleza. Mama alikuwa anajua! Alisema tu, Kweyu naye atamlaza wapi Eve na mtoto, hapa tumebanana, na nafasi ya Mama Hirad ikibaki wazi kamati itampa Kweyu. Alisema hayo akichagua mchele, bila kuniangalia. Yule jirani aliyemfulia nguo, aliyemkanda akiwa mzazi! Mama alipolazwa miezi miwili baada ya kumzaa Kweyu, nani alimnyonyesha pamoja na Deeqa? Kwa dini yao hao wawili ni ndugu wa kunyonya, hata kuoana hawawezi. Na Kweyu huyo huyo ndiye anayemfukuza.

Kweyu alipoingia nilimrukia. Akaniambia, "Aii siz, wacha zako. Huku kila msee anajitafutia." Nikamwambia anionyeshe alichoandika. Akanipa simu yake bila hata kusita, kwa kiburi. Karatasi inasema walio mlango namba kumi na nne ni wakimbizi walioingia miaka miwili iliyopita. Mama Hirad, mzaliwa wa Isiolo! Miaka thelathini na sita kwenye mlango ule! Chini kuna sahihi tatu za wakazi wa asili. Ya kwanza ya Kweyu. Ya pili ya mtu wa kamati nisiyemjua. Ya tatu yako.

Niliiangalia mpaka macho yakauma. Kweyu anasema alikutumia, ukatia sahihi, ukapiga picha ukamrudishia, na chini ya picha ukaweka kile kidole gumba cha kwenye simu. Anasema uliisoma.

Uliisoma, Patrobas? Nijibu hilo tu. Wewe uliyekuwa ukilala mkeka mmoja na Hirad, ukirudi kwetu nguo zikinuka ubani? Nataka kuamini ulikuwa kazini, umechoka, ukaona jina la mdogo wako ukatia sahihi. Nilijiambia hivyo tangu gari lilipotoka Nairobi, na tulipofika Mtito Andei nikaacha kuamini.

Mwisho wa kupokea pingamizi ni Jumatatu, tarehe thelathini mwezi huu. Nimeuliza: sahihi zisipotimia tatu, karatasi ya Kweyu haina nguvu. Andika kwa mkono wako kwamba unaiondoa yako, na kwamba unamjua Batulo, mama yake Hirad, mlangoni pale tangu ukiwa na miaka miwili. Piga picha, nitumie mimi, usimtumie Kweyu. Hirad ataipeleka. Ni mistari minne. Usiponitumia, yule mama atatolewa na mwenye kumtoa atakuwa wewe, si Kweyu peke yake, na mimi sitakuwa na kaka wa kumwandikia barua.

Wasalimie wifi na watoto, umbusu yule mdogo mwenye pengo. Mama anakusalimu, anasema umpigie. Eve anakusalimu. Kweyu hakunipa salamu nami sikumwomba.

Mama Hirad anakusalimu sana. Anajua kuhusu Kweyu, lakini karatasi yenyewe hakuonyeshwa, kwa hiyo hajui kwamba jina lako limo. Nilipokwenda kumuaga nilitaka kumwambia, nikashindwa. Aliniuliza mara mbili kama huko unapata chakula cha kukushibisha. Nikamwambia unapata.

Mungu akulinde huko uliko, na akupe usingizi ukishaandika, si kabla.

Dada yako, anayekupenda hadi leo,
Selpher