Alama Zisizo za Ukumbini

Jumatano, 1 Machi

Nimeanza mazoezi ya fimbo. Mkono wa kulia hautaki kushika kalamu, ndiyo maana mwandiko umelala hivi.

Ukumbi ulikuwa ghala la mbao zamani, bado unanuka maranda. Tuko kumi na wawili, wanawake wanne. Fimbo ni za henzirani, nyepesi, ukizitazama unaweza kucheka. Halafu unapigwa. Kofia ina wavu wa chuma usoni, na kizibao kinene kinafunika kifua, mbavu na mgongo. Mikono, mabega na mapaja — hayo kila mtu na Mungu wake.

Kocha ni fundi bomba. Kucha zake zina gundi ya mabomba. Kasema hapa hatuigizi, tunapigana kweli mpaka kengele ilie, na asiyetaka alama mwilini akajifunze kufuma.

Kilichonipeleka ni kile kichochoro. Wiki tatu sasa. Nasoma mita za maji nyuma ya maghorofa, mtu akanisimamia mbele. Hakunigusa. Alinyoosha mkono tu, nami nikampa simu, nikampa na mashine ya ofisi, halafu nikamwambia asante. Asante! Simu nimeshaisahau. Ile asante ndiyo inayonila.

Ofisini wametugawia filimbi.

Mume wangu, Baba Pacha, alikuwa anapinda suruali ya mteja niliporudi. Kaniuliza, bila kuinua macho kwenye cherehani: "Sasa hiyo fimbo utaibeba wapi, mama? Kwenye mkoba?"

Nikaenda kutafuta kalamu.

Jumamosi, 4 Machi

Pambano langu la kwanza. Dakika moja. Sikujua dakika ina urefu huu.

Nilipangwa na mwanamke wa masjala ya mahakama, ukumbini wanamwita Karani. Mwembamba, mpole, salamu yake huisikii usipotega sikio. Nikajisemea huyu namuweza. Kengele ikalia na sikumuona tena — niliona fimbo tu. Paja. Bega. Paja lile lile. Nikapiga hewa. Nikapiga nguzo.

Mwisho akavua kofia, hata jasho hana. "Pole dada. Ulifumba macho."

"Saa ngapi?"

"Muda wote."

Nilicheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi tu. Lakini nimepigwa na sikufa. Miaka thelathini na tisa naogopa kitu ambacho sikuwahi kukionja! Kinauma, kisha unabaki umesimama, una kazi ya kufanya.

Kocha anasema Karani ndiye bora kuliko wote, wanaume wamo. Mumewe humsubiri kwenye benchi na chupa ya maji — ni yule fundi wa miwani wa barabara kuu, hizi nilizovaa katengeneza yeye. Ana sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Wenzangu wanasema Karani kapata mume.

Jumanne, 7 Machi

Leo imefanya kazi. Naandika haraka kabla sijaanza kujidanganya.

Nyumba ya mwisho mtaa wa chini. Baba mmoja, kifua wazi, kashika mpini wa fagio, anadai nimekuja kumkatia maji. Akanijia. Miguu yangu ikajua kabla yangu — hatua mbili nyuma, kwa mshazari, geti likawa ubavuni kwangu na si mgongoni. Mikono juu, viganja wazi. "Baba, simama hapo hapo. Nasoma mita, naondoka."

Akasimama. Kaanza kunieleza habari za bomba lake linalovuja.

Sikuwa na fimbo. Sikupiga mtu. Nilikuwa naipima fimbo yake tu, inafika wapi na haifiki wapi. Nimetembea mtaa mzima baadaye kama mwenye mtaa.

Jumatano, 8 Machi

Kocha katuvunja mbawa.

Leo hakutupa kofia wala fimbo. Kasema tutembee tu ukumbini, kila mtu na mzigo wake wa kila siku — mkoba, kikapu, mafaili — tuongee na simu tukitaka. Yeye atamjia anayemtaka. Kijana wa gereji, ambaye hupiga kama nyundo, alikabwa shingo akiwa na chapati mdomoni. Mimi niliangusha mkoba nikauokota kwanza! Mkoba.

Halafu kamwendea Karani. Hakumshika hata. Kamkaribia uso kwa uso, akapaza sauti: "Nimekwambia nini?"

Karani akaangusha mafaili, akachuchumaa, mikono kichwani. Akasema, "Nisamehe. Nisamehe, sitarudia."

Kocha kabaki kinywa wazi, mikono inaning'inia. Kisha Karani akasimama, akacheka kidogo, akasema ameteleza.

Mwisho Kocha kasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini: hapa unajua nani atakupiga, lini, na kwa nini. Una kofia. Kuna kengele. Nje hupewi hata kimoja. Ninachowapa ni kutozimia mkipigwa, na kujua umbali. Nikiwaambia zaidi ya hapo nawaibia.

Sipati usingizi. Nasikia lile neno. Sitarudia — kurudia nini?

Jumamosi, 11 Machi

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa kanigeuzia mgongo, anavaa blauzi. Chini ya mbavu, kushoto, alama ya kijani inayogeuka njano. Na ndani ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, nne ndogo zimepangana kama vidole.

Fimbo haiachi alama nne.

Na zile za mbavu — kizibao kinafunika pale. Mimi nimepigwa pale kwa nguvu zote za gereji, nikasikia kama mto wa kulalia umeniangukia.

Kaniona nikitazama. "Mazoezi haya yatatuua," kasema, akifunga vifungo.

Nikasema ndiyo. Yaani nilisema ndiyo!

Nje mumewe alikuwa kamshikia chupa, kifuniko keshakifungua.

Jumatatu, 13 Machi

Nimesoma mita mia na kumi. Sita nimezikosea. Msimamizi kauliza kama naumwa.

Baba Pacha anasema ya ndoa za watu hayaguswi kwa mkono mtupu. Nikamuuliza, yanaguswa na nini? Kasema hajui, ila mkono mtupu hapana. Kisha akatoboa kidole na sindano, jambo ambalo halijamtokea tangu tuoane.

Jumatano, 15 Machi

Nilimsubiri Karani kwenye ngazi za ukumbi kabla mumewe hajafunga duka. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, yote yakayeyuka. Nikasema tu, "Dada, zile si za fimbo."

Kasubiri lori lipite. Kisha kaniambia mambo, macho kwenye viatu vyake.

Kwamba aliyemwandikisha hapa ni yeye mumewe. Mwaka wa pili sasa. Zamani wenzake kazini walikuwa wanauliza — jicho limefanyaje, mkono umefanyaje. Tangu aanze fimbo hakuna anayeuliza. Wanamtania, wanamwita komando.

"Lakini wewe unampiga kila mtu humu ndani," nikamwambia. "Unampiga yule wa gereji. Mumeo ni saizi ya nani?"

"Saizi yangu," kasema. Akacheka kweli, mara ya kwanza namsikia. Kisha: "Yeye hapigi kama mtu anayepigana, Mama Pacha. Anaanza kuongea saa kumi na moja, taratibu. Ikifika saa moja mimi mwenyewe nimeshakubali kosa. Huo mkono nitaunyanyua na nini?"

Nilimshika mkono, nikaogopa kuubana.

Kasema nisimwambie mtu. Sikuahidi.

Jumamosi, 18 Machi

Nimemwambia Kocha. Asubuhi, kabla ya wote, akiwa anafunga fimbo utepe.

Kwanza kakasirika. Si kwa mume — kwangu, kisha kwa nafsi yake. Alama zote hizo, na yeye akimsifu kwa uvumilivu! Akasema atamvunja yule mtu taya. Nikamwambia ukimvunja taya, nyumbani atakayelipia ni nani? Akakaa juu ya ndoo.

Watu walipofika katoa daftari jipya. Sheria mpya, ya kila mtu: kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi unaeleza alama zako, kila pigo linaandikwa, limeanguka wapi, nani kalipiga. Kasema ni kwa ajili ya usalama. Wanawake wanakaguana wenyewe kule ndani. Yule wa gereji kanung'unika kwamba sasa tumekuwa hospitali.

Karani aliandikisha mbili: bega, paja. Zile nyingine hazikuandikwa. Alinitazama mara moja tu. Sikuelewa kama ni shukrani au ni kisu.

Mumewe alisoma ile sheria ubaoni. Kaisoma mara mbili, chupa mkononi. Mwisho wa mazoezi akanijia, kwa sauti ile ile ya kupima macho: "Mama Pacha, unanyanyua mkono mapema mno. Mtu anaona nia yako kabla hujapiga."

Nikasema asante.

Nimeiandika hapa ili nisiisahau. Nimesema asante tena.

Jumatano, 22 Machi

Karani hakuja. Mwaka wa pili huu hajakosa hata siku moja, Kocha anasema.

Nilipangwa na wa gereji. Sikufumba macho. Nilimpata mkono, fimbo yake ikaruka mpaka dirishani, watu wakapiga makofi. Sikufurahi hata kidogo. Nilikuwa natazama benchi tupu.

Nimefanya nini? Kabla ya daftari alikuwa na saa mbili za kupumua, mara mbili kwa wiki. Nimemnyang'anya hizo.

Alhamisi, 23 Machi

Nimekwenda masjala. Sare ya maji inafungua milango mingi. Alikuwa dirishani, mikono mirefu ya blauzi, kitambaa shingoni, na joto lote hili. Kazungumza nami kama mtu asiyenijua: faili lako halijapatikana mama, rudi wiki ijayo.

Nikaandika kwenye kikaratasi: kwa fundi cherehani, geti la bluu, nyuma ya soko la vyuma. Saa yoyote. Nikakisukuma chini ya kioo. Akakisukuma kurudi.

Lakini kilichorudi kilikuwa kitupu — kikaratasi kingine. Changu alibaki nacho.

Jumamosi, 25 Machi

Saa nne na robo asubuhi. Naandika ili mikono ipate kazi.

Karani kaja saa mbili, na mfuko wa plastiki wenye viatu viwili na vyeti vyake vya shule. Basi. Jicho moja limefumba. Hajalia. Kaomba maji, kayanywa amesimama, kisha akauliza alale wapi, kama mgeni wa hotelini. Yuko chumba cha mapacha. Mapacha nimewapeleka kwa shangazi yao kupitia ukuta wa nyuma.

Askari wa kike kituoni kasema anakuja. Hiyo ilikuwa saa mbili na nusu. Nimepiga tena, kasema yuko njiani.

Kocha kasema atafika na daftari. Nimemwambia afike na daftari tu.

Na mumewe yupo nje. Alifika saa tatu na nusu, amevaa shati la kazini, lililopigwa pasi. Sijui kajuaje njia ya hapa. Hagongi kwa nguvu. Anagonga mara tatu, anasubiri, anagonga mara tatu. "Shemeji, hodi. Habari za asubuhi." Majirani wanamsalimia, anawajibu wote. Kamwambia wa duka la mkaa kwamba mkewe kaumia mazoezini, kachanganyikiwa kidogo, amekuja kumchukua.

Baba Pacha kasimama nyuma ya mlango, futikamba shingoni. Hajawahi kupigana na mtu maishani mwake. Kavuta meza ya cherehani mpaka mlangoni, halafu akaniambia, polepole, kwamba haondoki hapo.

Nilikwenda dirishani. Nikasimama upande, si mbele ya kioo. Umbali — hilo ndilo nililokuwa nalo. Fimbo haturuhusiwi kuzitoa ukumbini, na hata ningekuwa nayo, ningempiga nani? Mtu anayebisha hodi?

"Shemeji," nikamwambia, "simama hapo hapo. Hatoki."

Kanitazama kwa huruma. "Mama Pacha, haya ni mambo ya mazoezi tu. Kila mtu anajua. Muulize Kocha."

Safari hii sikusema asante. Nilifunga pazia, nikakaa hapa kwenye rundo la suruali za wateja.

Anagonga tena. Tatu. Anasubiri.

Mlango wa chumba cha mapacha umefunguka. Karani katoka. Kanawa uso. Kavuta kigoda mpaka kwenye meza ile ya cherehani, pale pale mlangoni, sauti ya mumewe ikimfikia yote, na kakaa wima kama anavyokaa dirishani kazini. Baba Pacha kamsogezea karatasi za kukatia mitindo, upande mweupe juu.

Anasema miaka kumi na moja anaandika maelezo ya watu wengine, anajua yanavyoanza: tarehe, saa, mahali. Mkono wake umetulia kuliko wangu. Ananiuliza kama nina kalamu.

Nyumba nzima ina hii moja inayoandika, na