Mgongo wa Mama

Jumamosi

Na Mama bado anasema eti ni kutwanga sombe, majani ya muhogo, ndiko kumemuumiza mgongo. Tangu mvua zianze, sombe natwanga miye.

Leo nikajikaza nikamwambia, "Mama, turudi kwa dokta aliyekutibu kansa ya titi."

Akacheka kidogo. "Weye, si nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba nimepona? Wakiniona tena hospitali, watasema nilimsingizia Mungu."

Nikarudi kwenye kinu, kama kawaida yangu.

Jioni aliniita nimshike ainuke kitandani. Alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka.

"Usiambie muntu," akasema. "Hata baba yako."

Nikasema ndiyo, Mama.

Ninaogopa kansa imerudi. Ninaogopa zaidi kwamba atakufa kwa sababu nilimtii.