Mlango wa Futi Mbili

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Baba anasema ukilipaka dawa halafu ukapanda ngazi mara kumi kutafuta miwani, dawa ya nini? Sisi wazima, na safari hii sisemi hivyo kwa adabu tu. Wazima kweli.

Najua umesikia kwamba kaka yako amekamatwa. Hakukamatwa. Aliitwa, akarudi juzi, na sasa hivi namsikia akipiga randa huku anaimba vibaya. Niache nikueleze kwa kalamu, maana mdomoni maneno yangu hukwama.

Unakumbuka mwaka jana baba alipata kazi kwenye nyumba mpya ya mbunge wetu, ile ya watu wawili na vyoo saba? Alitengeneza nyumba ya mbwa, ya mbao ngumu, yenye baraza. Stakabadhi humwandikia mimi, kwa kuwa mwandiko wake ni kama kuku amepita. Katibu wa mheshimiwa alipokuja kuichukua, baba alikuwa nje akipakia mzigo. "Andika kibanda cha mlinzi," katibu akaniambia. "Mbwa naye si analinda?" Akacheka. Nami unanijua, Shangazi. Mbele ya mtu mwenye tai naweza kusahau jina langu. Nikaandika.

Ila siwezi kuandika kitu bila vipimo. Mwalimu wa hisabati ametuzoesha vibaya. Chini yake nikaongeza: upana futi tatu, kina futi nne, mlango futi mbili kwenda juu.

Mwezi uliopita gazeti likatoa orodha ya vitu ambavyo wabunge wamejilipia kwa fedha za umma, eti vya kazi. Mle ndani: kibanda cha mlinzi, na karakana yetu imetajwa. Wodi ya wazazi hapa akina mama wanalala wawili wawili, kwa hiyo watu walichemka. Wakaandamana hadi kwenye geti la mheshimiwa, wakalikuta limefungwa, wakaja kwetu tusio na geti. "Fundi wa wezi!" Muuza mkaa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akawa anapita bila salamu. Sikulaumu hasira yao. Nililaumu mkono wangu, na sikumwambia mtu.

Barua ya wakaguzi ilipofika nikamwambia baba yote. Alifuta vumbi kwenye futi yake ya kupimia. Kisha akasema, "Lete kitabu cha stakabadhi. Na uvae viatu."

Ofisini kwao tulimkuta katibu, naye ameitwa. Mkaguzi ni mama wa makamo. Akaweka nakala yetu ya kaboni kando ya ile iliyopelekwa na katibu. Ya katibu ilikuwa imekatwa kwa mkasi, chini tu ya neno "mlinzi". Akasoma vipimo mara mbili.

"Mzee, huyu mlinzi alikuwa anaingia kwa magoti?"

"Kwa miguu minne, mama," baba akajibu.

Chumba kizima kilicheka, isipokuwa katibu. Nikanyoosha kidole kama niko darasani, nikaeleza nani aliniambia niandike nini. Sauti ilitetemeka lakini ilifika mwisho. Mama yule akasema twende nyumbani. Tutaitwa tena kama mashahidi tu.

Njiani nilingoja kugombezwa. Baba akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, Msomi, na mlango wake ni mfupi zaidi." Baadaye kidogo akaongeza, "Siku nyingine, mbwa ni mbwa."

Habari zimeshaenea mtaani. Leo asubuhi tumesikia mtu mlangoni: "Hodi! Au nibweke?" Muuza mkaa. Baba alicheka hadi akaketi chini. Nadhani alikuwa analia pia kidogo, ila usimwambie nimekuandikia hilo.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie mjomba mumeo, na binamu mkubwa. Mwambie kamusi yake naitunza. Mungu akulinde, Yeye asiyehitaji kibanda.

Wako akupendaye,
Msomi