Kazi ya Pili ya Hilaria

Kibosho,
Jumapili, baada ya misa

Kwako dada Salvina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umesimama kwenye meza yako sokoni, maana ni ya kusomwa taratibu. Goti linaendeleaje? Na shemeji, amerudi salama kutoka ng'ambo ya mpaka? Sisi huku tunaikumbuka Tarakea kila tukila maharage yenu. Mvua imenyesha vizuri, migomba imesimama, na ng'ombe yule mwekundu amezaa jike. Hilaria ni mzima, anakusalimu sana.

Ningeweza kukupigia, lakini haya kwa simu ningeyakatiza katikati.

Dada, mara ya mwisho nilikwambia mke wangu ana mtu mjini, nikakuomba uje tukae na wazee wa ukoo. Uliniuliza nina uhakika gani, nikakujibu kwa ukali. Nisamehe. Sasa nikueleze yote.

Unajua Hilaria anafundisha baiolojia sekondari. Mwaka juzi kampuni moja ya kahawa mjini ilimjaribu katika kuonja, wakaona ulimi wake unatambua mambo ambayo wengine hawayatambui. Ikawa wanamwita jioni na Jumamosi, wanamlipa mkononi kama kibarua. Mwaka huu wakamwajiri rasmi, akaingia kwenye orodha ya mishahara, na hapo kodi ikabadilika. Mhasibu wao alimweleza kuwa ule unafuu, yaani kiasi cha mshahara kisichoguswa na kodi, kisha makato yanayopanda polepole, mtu anaupata kwa mwajiri mmoja tu, na yeye tayari anaupata shuleni. Mwajiri wa pili anakata kwa kiwango cha juu kabisa, tangu shilingi ya kwanza. Hilaria alirudi na karatasi yake ya mshahara, akaiweka mezani, akasema ukitoa na nauli ni kama anafanya kazi ya bure.

Dada, nilifurahi. Nilimpa pole kwa mdomo, huku moyoni nikiishukuru Serikali. Nilijua ataacha, na Jumamosi zitarudi kuwa zangu.

Jumamosi iliyofuata aliamka mapema kuliko siku zote, akaenda.

Hapo ndipo usingizi uliponipotea. Mtu anayefuata hela namwelewa. Lakini hela ikiondoka na bado anakwenda, anafuata nini? Nikaanza kumchunguza. Aliacha kujipaka manukato. Akasema harufu inaharibu uonjaji, mimi nikasema anaficha jambo. Alikataa mtori wenye vitunguu siku za Ijumaa. Nilipomuuliza wazi anachokifuata huko, alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyechelewa darasani, akajibu, "Nafuata kazi yangu, Sirili."

Kisha likaja jina. Jioni moja tukiwa tunakula, aliniambia ameonja kahawa ya mkulima wa Machame, mmoja anaitwa Eliufoo, na kwamba ilikuwa na utamu wa ndizi iliyoivia mtini. Alipotamka hivyo alifumba macho. Tumeoana miaka mingi, dada, na sijawahi kumwona mke wangu akifumba macho kwa ajili ya kitu nilichomletea mimi. Wiki nzima Eliufoo akawa mezani kwetu: Eliufoo anachuma mbivu tupu, Eliufoo anaosha mara mbili. Hiyo ndiyo wiki niliyokupigia simu.

Nikateremka mjini nikamtazame huyo mwanamume. Nilimkuta barazani pa kampuni, analeta magunia yake. Karani alipomwita kwa jina nikageuka kwa hasira, nikaona mzee ameegemea mkongojo, meno yamebaki ya kuhesabu. Ilinibidi nimwamkie shikamoo. Akaniitikia marahaba kwa upole, akaniuliza nimetokea kihamba cha nani, shamba la ukoo upi. Nikamuuliza kama anamfahamu mama anayeonja kahawa. Akasema hajawahi kumwona, wao huonjea ndani.

Ungedhani nilipona. La, nilizidi kuumwa. Mtu ningeweza kumkabili, lakini kahawa nitaipiga ngumi vipi?

Sasa nifike kwenye jambo linalokuhusu. Siku ile sikwenda mikono mitupu. Nilibeba sampuli ya kahawa yangu, na nilipoulizwa ni ya nani, niliandikisha jina lako na namba yako ya simu. Nilisema ni ya Salvina wa Tarakea. Nilitaka Hilaria anisifu bila kujua ni mimi. Nilitaka arudi nyumbani afumbe macho, kisha nimwambie.

Alirudi siku ya majibu, akavua viatu, akasema wameonja kahawa ya mama mmoja wa Tarakea na imemsikitisha. Udongo ni mzuri, miti imetunzwa, lakini mwenyewe ameivundika kwenye tangi hadi ikachacha, kisha akaiosha harakaharaka kama mtu anayetaka kuondoka. Akasema ni sawa na kumwona mtoto mwenye akili ambaye hakuna anayemuuliza maswali.

Nilitaka kunyamaza. Lakini nikajisikia nikisema, "Ni yangu."

Akauliza yangu vipi; nilipomweleza kuwa niliandikisha jina lako, akauliza kwa nini nitumie jina la wifi yake. Nikamwambia namwonea wivu Eliufoo. Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la pumba. Kisha kicheko kikaisha, akafuta macho, akasema, "Sirili, unalima kahawa tangu sijakujua, na hujawahi kuniuliza naonja nini huko. Ulikuwa unauliza narudi saa ngapi."

Basi nikamuuliza, akaanza kueleza, na chai ikapoa mbele yetu.

Halafu akanipa lake. Kampuni inamtaka siku zote. Kila mtu, pamoja na mimi, alidhani makato yatamfanya aache kahawa, kumbe yeye anaacha shule. Akiwa na mwajiri mmoja, ule unafuu wa kodi atauhamishia huko. Alikuwa ameshaamua, ila aliogopa kuniambia, kwa sababu ya uso wangu wa Jumamosi.

Kwa hiyo usije kwa kikao, dada. Wazee nitawaambia mwenyewe kuwa nilikosea. Kampuni ikikupigia kukushauri jinsi ya kuvundika, sikiliza kwa adabu, uwaambie kahawa ni ya mdogo wako mjinga. Njoo wakati wa mavuno. Hilaria amesema atasimamia tangi yeye mwenyewe, na mimi nichote maji.

Sitakudanganya kwamba wivu umeisha. Kesho anapeleka barua ya kuacha kazi shuleni na ameniomba nimsindikize. Nimeshapiga pasi koti langu. Bado sijui nitaishije na mke anayependa kitu kiasi hicho, lakini nitakwenda naye.

Msalimie shemeji na watoto wote, mkubwa hadi mdogo. Ulilinde goti lako na baridi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Sirili