Yule Aliyeoa Kwangu

Pioneer, Eldoret
Jumatatu asubuhi

Dada yangu Respah,

Pokea salamu zangu kwanza, maana maneno yanayofuata si matamu. Goti lako la kulia linaendeleaje? Bado unalipaka ile dawa, au umeirudisha kabatini kama ninavyokujua? Binti yako Nafula na watoto wake wazima? Sisi hapa tunapumua. Baridi ya Timboroa imetufuata hadi vitandani, na Mama Zakayo anavaa sweta mbili hata akiwa jikoni. Mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kutoa ndevu.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yako, dada, wajukuu huiweka kwenye spika nyumba nzima isikie, na jambo hili ni la masikio yako kwanza. Nimempa barua mama mmoja wa kanisa letu anayekuja huko kumwona mamake. Nimemwambia akuwekee mkononi mwako, asiiache mezani.

Ni habari ya kile kipindi cha runinga nilichokutajia mwanzoni mwa mwaka, cha vichekesho vya hospitali. Unakumbuka nilivyojigamba? Vijana fulani walikuja kunitafuta. Waliambiwa kuna mzee hapa Pioneer aliyekuwa karani wa rekodi hospitalini kwa miaka mingi, wakataka niwaeleze kazi ya hospitali inavyokwenda ili wasikosee. Kiongozi wao anaitwa Brayo, kijana mwenye heshima, alinisalimia kwa mikono miwili. Nikawapa chai na nikawaeleza. Walikuja mara nne. Nilidhani nawafundisha.

Sasa msimu wao wa kwanza umekwisha, na nimeutazama wote mpaka mwisho, kwa sababu sipendi kulaani kitu nilichokiona nusu. Dada, nimechukia. Daktari wao anacheza ngoma akiwa ameshika chupa ya dripu. Mgonjwa anatembezwa kwenye korido akiwa na lile gauni linalofungwa nyuma, nalo halijafungwa, na kamera inamfuata huko huko nyuma. Watu wa kwetu wanaletwa ili waseme "taktari" na "kichana" badala ya daktari na kijana, na kila wakisema hivyo, kicheko kinabandikwa juu. Kicheko hicho hakitoki kwa mtu yeyote. Kimehifadhiwa mahali kama maji ya tangi, wanafungulia tu bomba.

Usidhani nimekuwa mzee wa kununa. Hospitali ina vichekesho vyake, na nimevicheka miaka yote. Kulikuwa na mzee aliyekatwa mguu, akawa anamuuliza kila mgeni anayeingia wodini kama anahitaji kiatu cha kushoto. Tulicheka, hata nesi mkuu alicheka. Lakini kicheko kile kilikuwa chake mwenyewe. Yeye ndiye aliyekigawa, na sisi tulikipokea. Hawa vijana wanamvua mgonjwa kicheko chake kama wanavyomvua nguo.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Katika kipindi cha sita, mama mmoja mwenye kitambaa kichwani anakuja kwenye dirisha la rekodi ameshika chupa ya uji. Karani anamuuliza, "Jina la mgonjwa?" Mama anasema, "Ni yule aliyeoa kwangu." Karani anafoka, "Mama, hapa kila mtu ameoa!" Bomba la kicheko likafunguliwa. Mama anarudia maneno yale yale, mara tano, na kila mara bomba linafunguliwa tena. Mwishowe mkwe wake anatokea kwenye korido na gauni lake wazi, mama anajifunika uso na kukimbia, uji unamwagika, na daktari anateleza juu yake.

Nilizima runinga kwa siku hiyo. Mama Zakayo alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Hiyo waliitoa wapi?" aliniuliza.

"Sijui," nikasema.

"Unajua. Wewe huwezi kunywa chai bila kufundisha mtu."

Ni kweli, dada. Mimi ndiye niliyewaambia. Niliwaeleza kwamba kwetu mama hatamki jina la mume wa binti yake, wala hamkaribii, na kwamba hiyo ni heshima, si ujinga. Niliwaeleza jinsi ulivyokuja hospitalini siku ile mkweo alipolazwa, Nafula akiwa nyumbani kitandani na mtoto wa siku nne, na hakukuwa na mwingine wa kutuma. Hukutaka hata kumgusa mgonjwa. Ulitaka tu kusimama mlangoni mwa wodi umwone kwa mbali, urudi umwambie Nafula kwamba anapumua. Niliwaeleza jinsi mwenzangu wa dirishani alivyokufokea, na watu wa foleni walivyocheka, nawe ukasimama kando ya nguzo na chupa yako ya uji asubuhi nzima, huku mimi nikiwa nyuma kwenye stoo ya mafaili bila kujua kwamba umefika. Nilipotoka kwenda kunywa chai ndipo nilipokuona. Tulipofika mlangoni mwa wodi, kitanda kilikuwa kitupu na nesi alikuwa anatoa shuka.

Niliwasimulia yote hayo ili niwafundishe jambo moja tu. Karani anayejua kazi yake hamlazimishi mama kutaja jina. Anamuuliza mgonjwa aliletwa siku gani, ametoka wapi, ana alama gani. Baada ya siku yako niliwafundisha makarani wote wapya hivyo, na wapo wanaouliza hivyo mpaka leo. Brayo aliandika kwenye daftari lake. Niliona kalamu yake ikienda, nikafurahi. Kumbe alichoandika ni uji.

Lililoninyima usingizi zaidi ni la wiki iliyopita. Nilikuwa natoka dukani, na vijana wa bodaboda pale kona walikuwa wanagombania abiria. Mmoja akapaza sauti, "Huyo ni wa nani?" Mwingine akajibu kwa sauti ya kike, "Ni yule aliyeoa kwangu!" Wakaangua kicheko wote. Walinisalimia vizuri, "Shikamoo Mzee!" Hawakujua wamebeba maneno ya nani mdomoni.

Huko kwenu kipindi hiki kinaonekana, na wajukuu wako wana simu. Kama bado hujayasikia maneno hayo, utayasikia, labda hata kanisani. Nilitaka uyasikie kwangu kwanza. Nisamehe, dada. Uliniachia jambo la huzuni nikutunzie, mimi nikaligeuza somo, na wao wakaligeuza ngoma.

Nilimpigia Brayo simu nikamwambia waondoe kipindi hicho. Akaniambia, "Mzee, hiyo ndiyo sini iliyowamaliza watu kwa kicheko! Huwezi amini. Hata msimu wa pili tunamrudisha yule mama na mkwe wake." Nikamwambia mkwe yule alikufa. Akasema pole, na nadhani alimaanisha. Halafu akaniuliza, "Lakini Mzee, alikuwa anaitwa nani? Tunataka jina la ukweli, jina la huko kwenu."

Katika mara zote nne za chai, jina hilo ndilo pekee ambalo sikuwapa. Nilisimama pale kibarazani na simu sikioni. Yeye akawa anasema, "Haloo? Mzee? Jina?" kama mwenzangu wa dirishani.

Desemba fundi atakuja kuweka jiwe kwenye kaburi la mkweo, na Nafula ameniomba niseme maneno machache kwa niaba ya familia. Sijui kama bado nafaa. Kama utaniambia nisije, nitakaa huku na sitauliza mara mbili. Kama utaniruhusu, nitakuja nisimame karibu nawe bila kusema lolote, na wengine ndio wasome kilichoandikwa kwenye jiwe.

Msalimie Nafula, na yule kijana wake aliyezaliwa wiki ile, ambaye naambiwa sasa ananishinda urefu. Msalimie shemeji anayechunga ng'ombe wako, na mama mkunga jirani yako. Mama Zakayo anakusalimu, na anasema uniadhibu polepole.

Na Brayo nilimjibu, dada. Nilimwambia, "Ni yule aliyeoa kwetu." Akacheka. Nikakata simu.

Ndugu yako uliyemlea mgongoni,
Erasto