Bega la Kulia

Jumatatu, 2 Juni

Mwaka mmoja na miezi miwili tangu nitoke Sengerema. Nilikuwa naelekea Zambia kutafuta timu ya mpira wa kikapu. Nauli iliishia Tunduma na timu haikupatikana. Bado nipo.

Baridi imeanza. Asubuhi vidole havikunjiki. Leo tumeshusha mahindi ya Ndalambo, malori mawili, kisha tumepakia mchele. Nimebeba kwa bega la kushoto kama siku zote. Pale ghalani watu wawili wanasimama kunyanyua gunia na kumtwika anayepita, na wamezoea kuliweka bega la kulia. Mimi nikifika lazima nigeuke mwili mzima. Foleni inasimama. Hamisi, Mha wa Kigoma, ndiye mmoja wa hao wanyanyuaji. Ananiita Usukani wa Kushoto, kama yale malori yanayokwenda Kongo. Jina limeshika. Hata mama muuza uji analitumia.

Sababu wanaijua. Mkono wa kulia ndio unaotupa mpira, na bega lake liliwahi kuchomoka. Silibebeshi kitu.

Jumatano, 4 Juni

Kocha Mulenga amepiga simu. Alinifundisha nilipokuwa Kitwe, sasa ana timu Lusaka. Mtu wake mrefu wa chini ya goli ameumia. Jumamosi ya tarehe 21 atakuwa Nakonde, hapo ng'ambo, na vijana wake. Nivuke anitazame. Nikimfaa, nimalize naye msimu.

Nilimwambia Hamisi peke yake. Kufikia saa nne ghala zima lilikuwa linajua. Wakaniuliza kama na huko Lusaka nitageuka mwili mzima kabla ya kutupa. Nilicheka pia. Nina furaha, sitaficha.

Mama nimempigia. Ameuliza kama watanilisha. Halafu akasema hata nyumbani kazi ipo. Nikamwambia msimu mmoja tu. Nataka nimalizie uwanjani. Sitaki watu waseme alicheza, alicheza, mwisho akafia kwenye magunia.

Jumapili, 8 Juni

Uwanja wa parokia. Niliwakuta wanakwaya wakifanya mazoezi, nikasubiri. Mpira ulikuwa unaishia kushoto. Karibu kila ninaotupa nikiwa mbali, kushoto. Goli lenyewe limepinda, nadhani watoto wanalining'inia. Nilidandia nikajaribu kulinyoosha. Halafu upepo wa mji huu hauna adabu.

Bega haliumi hata kidogo.

Jumanne, 10 Juni

Nimenunua koti la mtumba sokoni. Kufika chumbani naona mkono wa kushoto ni mrefu, unafunika vidole. Nikalirudisha. Muuzaji ni mama wa Kinyiha kutoka Ihanda, mpole. Akalilaza mezani, akaweka mkono juu ya mkono. Ikalingana.

"Koti halina kosa, kaka," akasema. "Livae tena, usimame vizuri."

Nikalivaa. Vilevile. Wateja wakacheka. Nikaondoka na koti langu, nimekasirika. Wafanyabiashara ni wajanja, hajui mtu walivyolilaza pale mezani.

Ijumaa, 13 Juni

Hakuna gari. Mvua ya baridi, manyunyu. Tumekaa mlangoni mwa ghala tunaota moto wa maboksi. Hamisi alitaka nisimulie ligi zangu. Nilisimulia zile nzuri. Hapa naandika zote.

Mwanza. Nilikuwa kidato cha pili, nimewapita walimu kwa urefu. Timu ikanichukua, shule ikaisha hapohapo. Sikusukumwa na mtu. Nilidhani urefu ni kazi ya kudumu.

Dar es Salaam. Ligi ina majina, mashabiki wapo, lakini mnacheza jioni kwenye saruji, na asubuhi kila mtu ana kazi yake. Mimi nililinda duka la vifaa vya ujenzi. Miaka minne.

Kigali. Huko ndiko nilikoona uwanja wa mbao, ndani ya jengo, viatu vinalia sakafuni. Nilikaa benchi msimu mzima. Kocha alisema maneno mengi kwa Kifaransa, nikawa naitikia kwa kichwa. Nakumbuka sakafu ile kuliko mchezo wowote.

Kitwe. Timu ya mgodi. Chumba, chakula, viatu vipya, na jina langu likiimbwa. Hiyo ndiyo miaka yangu. Bega likachomoka kwenye nusu fainali, likarudishwa, nikacheza tena. Halafu mgodi ukapata wenyewe wengine, na hao hawakutaka mpira.

Hamisi aliuliza ni ipi bora. Nikasema Kitwe. Akasema basi Lusaka ni mbele zaidi ya Kitwe, Mungu anakupeleka mbele. Yeye huwa hasemi hivyo.

Jumapili, 15 Juni

Uwanjani tena. Chini ya goli naingiza. Nikirudi mstari wa adhabu, kushoto. Nimepata dawa: nalenga kulia kwa goli kidogo. Inaingia. Nimefanya hivyo hadi giza.

Kiuno kinauma. Kitanda kibaya.

Jumatano, 18 Juni

Nimegombana na Siame. Yeye ni Mnamwanga, mkubwa wa kikundi chetu, hapendi maneno. Watu wawili wanaumwa, malori yamejipanga, dereva anatukana. Siame akaniomba leo tu nibebe kulia kama wenzangu foleni itembee. Nikakataa. Nimebakiza siku chache, nilimwambia, siwezi kuharibu sasa.

Hakupaza sauti. "Kila ukigeuka," akasema, "mwenzako amesimama na mzigo mikononi."

Ni kweli. Nikageuka hivyohivyo, kutwa nzima. Hakuna aliyenitania leo. Afadhali wangenitania.

Jumamosi, 21 Juni

Nimevuka mapema. Uwanja wa shule, Nakonde. Kocha Mulenga amenenepa. Ni mzaliwa wa hapohapo Nakonde, Kiswahili chake ni cha sokoni, kizuri. Alinikumbatia, akanitambulisha kwa vijana kwamba huyu ndiye yule wa Kitwe. Hawakumjua yule wa Kitwe.

Nilitaka kutupa kulia kwa goli kama nilivyojizoeza. Goli la pale limenyooka, nikalenga katikati. Mpira ukaenda kulekule, kushoto. Tulipoanza kucheza ikawa mbaya zaidi. Nikiruka, mguu wa kushoto unatua kwanza, na wakati najipanga mwenzangu keshaondoka na mpira. Mara ya tatu kijana mmoja alinishika mkono nisianguke. Hilo liliniuma kuliko kunyang'anywa.

Kocha akasimamisha mchezo. Akanipeleka kwenye ukuta wa darasa, akaniambia niweke visigino na mgongo ukutani. Akashika bega la kulia, akalizungusha, akaliminya pale lilipochomoka. Kisha akaweka viganja juu ya mabega yote mawili. Kiganja kimoja kilikuwa chini.

"Bega hili ni zima kabisa, umelitunza," akasema. "Mwili ndio umelala kushoto. Ulikuwa unabeba nini?"

"Magunia."

"Upande mmoja?"

"Upande mmoja."

Hakucheka. Alisema mwili unaweza kunyooka, lakini si leo wala mwezi huu. Nikamuuliza msimu ujao. Akawatazama vijana wake, akaniuliza nina miaka mingapi sasa. Anaijua.

Tulikula nshima, ugali wa kwao, na samaki. Alizungumza habari za Kitwe. Alilipa yeye.

Imekwisha. Naandika ili niione.

Jumapili, 22 Juni

Sikutoka.

Jumatatu, 23 Juni

Ghalani hawakuniuliza. Uso wangu ulisema, nadhani. Zamu yangu ilipofika sikugeuka. Nilikwenda moja kwa moja, bega la kulia. Hamisi na mwenzake walikuwa wameshanyanyua, wakalishikilia gunia juu.

"Una hakika?" Hamisi akauliza.

"Weka."

Wakaweka polepole, kama wanalaza mtoto. Nikapanda ubao. Foleni ilitembea. Siame alikuwa ndani ya lori anapanga, akalipokea gunia, akanigusa mkono kidogo, akarudi kwenye kazi yake.

Jioni bega limeuma. Ni maumivu ya mzigo tu, kama ya mtu yeyote.

Jumapili, 29 Juni

Asubuhi nilipita sokoni kwa yule mama wa Ihanda. Nilimwambia koti ni zima, kosa lilikuwa kwangu. Akasema anajua, aliona siku ileile, ila mtu humwambii mbele ya wateja. Akanipa kitufe kimoja kilichokuwa kimepungua kwenye koti.

Nimempigia Mama. Aliuliza kama nilicheza. Nikasema nilicheza, mara ya mwisho, Nakonde, mbele ya vijana wengi. Akasema amesikia. Hakuuliza nani alishinda. Akaniambia paa la jiko limeoza na hakuna mtu mrefu wa kulifikia bila ngazi.

Naendelea kubeba kulia. Nitakaa mpaka mahindi ya Ndalambo yaishe. Koti nitamwachia Hamisi, kwake mikono yote miwili itakuwa mirefu. Nategemea kufika Sengerema mwishoni mwa Agosti.